Viatu vya Ndani

Karatasi mbili zimelala juu ya friji,
maana meza ya Virve imejaa lifti.

Si lifti zenyewe: vitabu vyake vya maelekezo,
bonyeza hapa, usibonyeze hapa,
anavyovitoa Kifini kuvitia Kiestonia
kwa senti kadhaa za neno, mwaka wa tisa sasa,
chumba cha nyuma, mtaa wa Tähe, mjini Tartu,
ambako mwezi wa Januari jua
huja kazini limechelewa, huondoka mapema,
na hakuna anayelikata mshahara.

Karatasi ya kwanza ina kurasa ishirini na sita.
Kampuni ya Helsinki inataka lifti zote,
za hospitali, za meli, za maghala,
mwaka mzima, kwa mara tatu ya anachopata.
Ukurasa wa kumi na tisa, kwa herufi kama mayai ya chawa:
ujumbe ujibiwe ndani ya saa mbili,
Jumapili nayo ni siku.
Fedha hutoka baada ya siku sitini.
Kuchelewa kwake kuna faini;
kuchelewa kwao kuna aya ndefu.

Ya pili ni ukurasa mmoja na robo.
Hifadhi ya nyaraka za mji: saa mbili asubuhi
mpaka kumi na nusu, mshahara tarehe tano,
likizo siku ishirini na nane,
daktari wa meno nusu bei.

Bwana Kaljuste alimwonyesha dawati.
Lilikuwa la Helju, miaka thelathini na mmoja;
ameacha dungusi kwenye kikopo cha mtindi
na, droo ya chini, viatu vyake vya ndani,
visigino vimelalia upande mmoja.
"Utaleta vyako," alisema kwa upole.
Upole ule ndio uliomtisha.

Njia mbili, tunaambiwa, zilimshinda fisi.
Hatuambiwi alikuwa na njaa ya siku ngapi,
wala kama mwenye nyumba alishagonga mlango.

Baba yake, Endel, alitengeneza matrekta ya watu
akijiita bosi wa nafsi yake. Alipokufa
walilifungua daftari: majina, tarehe, madeni,
hata la mchungaji.
Hakuna aliyefika mazishini na bahasha.
Mama alifunga jibini kiwandini, mshahara haukukosa hata mara moja,
na kila Jumapili jioni, akipiga pasi aproni,
alilia kidogo, haraka, kama mtu anayepiga chafya.
Virve amerithi vyote viwili,
daftari na pasi.

Jumanne, jino likakata shauri kabla yake.
Gego la chini, kushoto.
Alilipa bei nzima, noti juu ya noti,
akatoka nusu ya mdomo ikiwa ya mtu mwingine.
Darajani, juu ya Emajõgi, simu ikalia: Helsinki.
Wanataka jibu leo, kabla ya saa kumi.
Alikusudia kusema: nakubali, ila Jumapili yangu mniachie.
Ulimi, mzito kama soksi iliyolowa,
ukatoa kitu kisicho na mifupa.
"Samahani," sauti ikasema, "hiyo ni ndiyo au siyo?"

Chini, mto ulikuwa umeganda kingoni
na katikati unakwenda.
Wenyewe haukuulizwa.

Miaka tisa anatafsiri vuta na sukuma
bila kukosea hata mshale mmoja.
Akaizima simu, akaitia mfukoni
pamoja na risiti ya daktari.

Sokoni, kwa mama wa vitu vya sufu,
alisimama muda mrefu ameshika jozi moja:
sufu iliyoshindiliwa, kijivu, namba thelathini na tisa,
soli nene, ya kukaa miaka.
"Vya nyumbani," mama akauliza, "au vya kazini?"

Nusu ya mdomo wa Virve ikacheka.
Nusu nyingine ilikuwa bado haijarudi.